Kupeleka wanafunzi Ujiji kutoka Tabora: mwongozo wa mwalimu kwa mwalimu

Mara ya kwanza nilipoongoza wanafunzi kutoka Tabora kwenda Ujiji, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika karibu na Kigoma, tulifika saa kumi na moja jioni. Mhifadhi alikuwa anafunga milango. Kwa huruma yake alitufungulia tena, tukazunguka chumba cha sanamu kwa dakika kumi na tano, tukapiga picha mbele ya mnara, na giza likatukuta njiani kurudi Kigoma mjini. Wiki iliyofuata nilikusanya ripoti. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa ameandika sentensi moja: "Tuliona sanamu za wazungu wawili wanavua kofia kusalimiana." Hakuwa mvivu kijana yule. Aliandika alichopewa, na mimi ndiye niliyempa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nyumbani kwao ni Kwihara, kijiji cha jirani na Tabora mjini. Tembe, yaani nyumba ya udongo, alilokaa Livingstone, mmisionari ambaye ni mmoja wa wazungu wale wawili, mwaka 1872 liko karibu na kwao, na hakuwa amewahi kuingia ndani. Tulimchangisha mzazi wake fedha ili akaone mwisho wa njia ya misafara ambayo katikati yake ni kijijini kwao, na hakuna aliyemwambia kwamba ni njia moja.

Tangu hapo nimeupanga upya utaratibu wote, na haya ndiyo ninayoyafuata. Nimeandika kwa ajili ya mwalimu wa Tabora anayekwenda Kigoma, lakini anayetoka Kigoma kuja Tabora anaweza kuugeuza.

Hatua ya kwanza: tafuta swali kabla ya tarehe

Shule nyingi huanza na tarehe, zikafuata nauli na mchango, na siku mbili kabla ya kuondoka mwalimu wa Historia anaambiwa aandae "maswali ya kuwauliza wenyeji". Geuza mpangilio huo. Miezi minne kabla, kaa na walimu wenzako wa Historia na Jiografia, na wa Kiswahili pia wakiwa tayari, mkubaliane swali moja ambalo safari nzima italijibu. Moja tu.

Sisi tulichagua hili: mzigo ulifikaje pwani? Njia ya kati ya misafara iliunganisha Ujiji, Tabora na Bagamoyo, kilomita zipatazo 1,200. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga na bunduki zilipanda bara. Na watu waliotekwa walipelekwa sokoni wakiwa watumwa. Tangu 2006 nchi yetu imeiweka njia hiyo kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Haya yote yamo kwenye daftari la mwanafunzi na hayamgusi. Kwa hiyo mpe gunia.

Wiki mbili kabla ya safari, leta uwanjani gunia la mahindi la kilo 30. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa wa kiasi hicho, frasila mbili hivi. Vijana wenye nguvu walibebe begani kwa zamu, mzunguko mmoja wa uwanja wa mpira, mwalimu akiwa pembeni. Asiyetaka asilazimishwe, na mwenye tatizo la mgongo au kifua akae kwenye kivuli aandike muda. Kisha rudini darasani mkafanye hesabu ubaoni. Msafara ukitembea kilomita 15 kwa siku, kilomita 1,200 ni siku 80 za kutembea. Ongeza siku za kupumzika, za kuugua, na za kusubiri ruhusa ya mtemi mkishatoa hongo. Neno hilo wanafunzi hulishangaa sana: wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu, ilijulikana na ilijadiliwa hadharani.

Mwaka mmoja msichana aliyefika nusu ya mzunguko alitua gunia, akasimama ameshika kiuno, na kabla pumzi haijamrudia akaniuliza, "Mwalimu, hawa walikuwa wanalipwa?" Nililiandika swali lake ubaoni chini ya lile letu na likasafiri nasi. Jibu lina pande mbili, na zote mbili ni lazima zisemwe. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliokwenda pwani kwa ujira, wakilipwa nguo, na kwa vijana wengi wa Unyamwezi safari ya pwani ilikuwa heshima. Katika njia hiyohiyo walipita watu waliofungwa, ambao hawakuulizwa kama wanataka kwenda.

Hatua ya pili: darasa na majira

Kidato cha tatu ndilo darasa la kupeleka. Cha pili na cha nne wana mitihani ya taifa, wazazi wao wana wasiwasi na walimu wa masomo mengine watalalamika, kwa haki. Nendeni likizo ya Juni. Ni kiangazi, barabara ni kavu na shule za Kigoma huwa na mabweni matupu. Mvua za Kigoma huanza karibu Oktoba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Usipeleke watoto ziwani katika miezi hiyo.

Idadi nzuri ni wanafunzi 40. Zaidi ya hapo walio nyuma hawasikii anachosema mwongoza wageni. Kila wanafunzi kumi wawe na mwalimu mmoja, na kama kuna wasichana, matroni lazima awepo hata kama ni watano tu.

Hatua ya tatu: barua, kibali na mzazi

Barua ya kwanza inatoka miezi mitatu kabla, kutoka kwa mkuu wa shule kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia ofisi ya elimu sekondari. Iseme mnakwenda wapi, siku ngapi, kwa usafiri gani, mtalala wapi, nani ni kiongozi wa msafara, na iambatane na orodha ya majina. Usisafiri kwa ahadi ya mdomo kwamba kibali kinakuja.

Barua nyingine ziende mapema kwenye makumbusho ya Ujiji na ya Kwihara, kwenye shule itakayowapokea Kigoma, na bandarini kama mnataka kuingia. Piga simu wiki moja baada ya kutuma. Barua za shule hukaa mezani kwa watu wema kabisa wenye kazi nyingi.

Fomu ya ridhaa ya mzazi iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, iwe na namba mbili za simu, dawa anazotumia mtoto, vitu vinavyomdhuru, na kama ana kadi ya bima. Usikubali fomu iliyosainiwa na kaka. Fanya kikao cha wazazi, na humo usiseme habari za historia peke yake. Mzazi anataka kujua mtoto atalala na nani chumbani, atakula nini, na akiugua saa nane usiku nani anampeleka hospitali. Mjibu hayo kwanza, naye atakusikiliza ukifika kwa Livingstone.

Hatua ya nne: fedha, na mtoto asiye nayo

Andika kila gharama: nauli kwenda na kurudi, usafiri wa ndani ya Kigoma, viingilio, malazi, chakula, posho ya mpishi, dawa, vitabu vya kuandikia. Jumlisha, kisha ongeza asilimia kumi ya dharura. Halafu fanya jambo ambalo wengi hawafanyi: gawanya jumla hiyo kwa idadi ya watakaoweza kulipa, usigawanye kwa idadi ya watakaosafiri. Katika darasa la wanafunzi 40 wapo watano au sita ambao mchango huo ni chakula cha mwezi nyumbani kwao. Ukijifanya hawapo, watajitoa kimyakimya na kukwambia wanaumwa.

Shule zetu nyingi hapa Tabora zina miembe. Mwaka ambao mkuu wetu wa shule alikubali, wanafunzi walivuna na kuuza maembe ya shule Novemba na Desemba, mhasibu akaziweka fedha kwenye akaunti, na Juni zikalipia wale ambao hawakuwa na uwezo pamoja na dawa zote. Hakuna mwanafunzi aliyejua nani alilipiwa. Orodha hiyo ibaki kwa mkuu wa shule na mhasibu, isibandikwe ukutani.

Njiani fedha zishikwe na watu wawili, mmoja analipa na mwingine anaandika. Dai risiti. Mama anayewauzia samaki hana mashine ya risiti. Aandikiwe kwenye daftari na asaini.

Hatua ya tano: treni au basi

Mkiweza, nendeni kwa treni. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikapita kwa sehemu kubwa katika nchi ileile ya misafara, na ndiyo iliyomaliza kazi ya mpagazi. Mwanafunzi aliyebeba gunia uwanjani, akiona behewa la mizigo pale stesheni, anaelewa bila kuelezwa. Kutoka Tabora hadi Kigoma ni kilomita 400 na kidogo.

Nenda na barua ya shule stesheni mapema kuomba nafasi za kundi, ili mkae behewa moja. Gawa wanafunzi katika makundi ya watano, kila kundi na kiongozi wake, na treni inaposimama kiongozi ahesabu wenzake kabla ya mtu yeyote kununua chochote dirishani. Pia acha nafasi kwenye ratiba. Siku ya kufika Kigoma isiwe na kitu kingine zaidi ya kuoga, kula na kulala. Kosa letu la mwanzo lilikuwa hilo.

Kila mwanafunzi awe na ramani aliyoichora mwenyewe, yenye Tabora, Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza na Kigoma. Mkifika Urambo waulize: kwa nini Stanley hakupita hapa? Mwandishi wa habari huyo, mzungu wa pili wa zile sanamu, alipotoka Kwihara Septemba 1871 kumtafuta Livingstone, alizunguka kusini, njia ndefu, kwa sababu Mtemi Mirambo alikuwa na vita na Waarabu wa Tabora na barabara ya magharibi imefungwa. Wako dirishani, wanaiangalia nchi ya Mirambo, na wanaona kwamba mzungu mwenye bunduki na watu wengi alilazimika kubadilisha njia kwa sababu ya mtu wa hapa. Uvinza nako kuna jambo la kuwaonyesha: chumvi yake imechemshwa na kuuzwa tangu karne nyingi kabla ya misafara ya pwani kufika. Biashara ilikuwepo, na wageni waliingia ndani yake.

Mkiamua kwenda kwa basi, kuweni wakali. Mwaka mmoja tulikagua basi zuri, tukalipa malipo ya awali, na alfajiri ya safari likaja jingine kabisa lisilo na tairi la akiba. Watoto wako tayari na mabegi, wazazi wamesimama getini, na mwenye basi anasema kwenye simu, "Mwalimu, hilo nalo ni zima." Tuliwarudisha watoto mabwenini na tukaondoka kesho yake. Siku hizi mkataba wetu unaandika namba ya gari, jina la dereva wa kwanza na wa pili, na kwamba likija gari jingine shule hairuhusu wanafunzi kupanda na fedha inarudi. Askari wa usalama barabarani alikague siku moja kabla. Ondokeni alfajiri kunapokucha na msisafiri usiku, hata dereva akiapa kwamba anaijua barabara hiyo kama kiganja chake.

Hatua ya sita: siku ya Kwihara, kabla ya safari yenyewe

Hii isiwe sehemu ya safari ya Kigoma. Ifanyike Jumamosi ya wiki moja kabla, kwa gharama ndogo, na wapelekwe hata wanafunzi ambao hawatasafiri. Kwihara iko kama kilomita kumi kutoka Tabora mjini, na vijana wenye afya wanaweza kwenda kwa miguu asubuhi na kurudi kwa gari.

Wakifika, usiwaache wakimbilie maandishi ya ukutani. Wasimame nje kwanza. Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa la bapa, na wengi wao bibi zao walizaliwa kwenye nyumba za aina hiyo. Mlango wake ni wa mbao za kuchonga kwa mtindo wa pwani. Waambie waangalie vitu hivyo viwili kwa dakika tano bila kuongea, ukuta na mlango. Mwanafunzi mmoja aliweka kiganja chake ukutani, akakiacha hapo muda mrefu, kisha akasema, "Ukuta wa kwetu, mlango wa kwao." Sikuongeza neno. Hiyo ndiyo Tabora ya karne ya 19.

Wakiingia ndani, eleza nani alikaa humo na kwa nini. Stanley alikaa hapo mwaka 1871 akijiandaa kwenda Ujiji. Baada ya kumpata Livingstone walirudi pamoja, wakafika Kwihara Februari 1872. Stanley akaenda pwani Machi, Livingstone akabaki akisubiri wapagazi na vifaa hadi Agosti. Alifariki Mei 1873 kule Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Hapo wape wanafunzi majina mawili waandike kwa herufi kubwa: Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone. Wao na wenzao waliukausha mwili, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 wakapita Unyanyembe hiihii, yaani eneo hili la Tabora, na kuufikisha Bagamoyo Februari 1874. Swali letu la mzigo linapata jibu zito hapo, na nimeona wanafunzi wakinyamaza wenyewe.

Mkirudi mjini zipo sehemu za kupitia, lakini chagua. Mimi huchukua mbili. Ya kwanza ni habari za Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye Januari 1893, Wajerumani walipoingia bomani mwake, alilipua baruti yake kuliko kukamatwa. Boma walilojenga Wajerumani wenyewe liko eneo la jeshi, kwa hiyo simu zote mfukoni na msikae hapo. Ya pili ni ya karibu zaidi na sisi. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapa Tabora na kuamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wapo waliokataa, na Zuberi Mtemvu akatoka chamani kwa sababu hiyo. Wanafunzi wasikiapo kwamba Mwalimu Nyerere alisoma Tabora, kisha akarudi kufundisha katika mji huuhuu, hukaa wima kwenye viti.

Hatua ya saba: siku ya Ujiji

Fikeni saa mbili asubuhi. Kutoka Kigoma mjini ni kilomita chache tu, na asubuhi kuna utulivu na mwongoza wageni hajachoka.

Gawa wanafunzi makundi mawili, moja liingie makumbusho, jingine libaki mnarani, kisha wabadilishane. Wa mnarani wasome kibao neno kwa neno. Kinasema Stanley alikutana na Livingstone chini ya mwembe uliokuwa umesimama hapo wakati ule, 10 Novemba 1871. Waulize: kwa hiyo miembe tunayoiona sasa ni ipi? Siyo uleule, na kibao chenyewe kinakiri. Halafu waulize kuhusu tarehe. Shajara za wawili hao hazikubaliani. Livingstone alikuwa amepotewa na hesabu ya siku, na Stanley aliugua homa njiani akasahau siku zake. Mwanafunzi wa Historia akigundua kwamba hata tarehe iliyochongwa kwenye jiwe ina wasiwasi ndani yake, amejifunza kusoma ushahidi, na hilo ni zaidi ya alichoandika yule kijana wangu wa kofia.

Kisha tembeeni mtaani kwenda ufukoni, na mjiulize kwa nini mji mkubwa wa misafara umebaki kimya huku Kigoma ikiwa na bandari na stesheni. Maji ya ziwa yalishuka baada ya mto Lukuga, upande wa Kongo, kufunguka katika miaka ya 1870, na ufuko wa Ujiji ni wa maji mafupi. Kigoma ina ghuba ya kina. Wajerumani walipotafuta mwisho wa reli walichagua kina cha maji.

Sasa jambo ambalo naomba ulisome mara mbili. Ujiji ni mji wa watu, na wengi wao babu zao walifika kwa njia ile: wengine wakiwa wafanyabiashara kutoka pwani, wengine wapagazi, wengine wakiwa mateka kutoka Manyema ng'ambo ya ziwa. Usimruhusu mwanafunzi kumuuliza mzee, "Babu yako alikuwa mtumwa?" Mzee ataaibika mbele ya wajukuu zake na mazungumzo yatakwisha. Wafundishe kuuliza mambo yaliyo wazi kujibiwa au kuachwa: "Shikamoo babu. Ukoo wenu ulifikaje Ujiji? Mlikuwa mnasimuliwa nini mkiwa wadogo?" Akitaka kusema zaidi atasema mwenyewe. Tafuta wazee wawili mapema kupitia mwalimu mwenyeji au ofisi ya mtaa, waeleze mnachotafuta, na wakae barazani mahali penye kivuli na maji ya kunywa. Wasichana wawe na kanga begani au kichwani, wavulana suruali ndefu. Simu isimrekodi mzee kabla hajakubali.

Mwaka tuliofanya hivyo kwa utulivu, mzee mmoja alizungumza saa nzima kuhusu sauti ya ngoma za msafara ukikaribia mji, kama alivyosimuliwa na bibi yake. Wanafunzi wetu walisahau kuandika. Viongozi wa makundi wakakaa chini jioni na kuikusanya kila mmoja kwa kumbukumbu yake, na zile tofauti za kumbukumbu zikawa somo la kesho yake.

Hatua ya nane: Kigoma mjini

Nusu siku inatosha. Stesheni ya Kigoma ni jengo la Wajerumani, na linasomeka vizuri likitazamwa kwa nje. Kama mna kibali cha kuingia bandarini, habari ya MV Liemba iwe ya mwisho. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba. Rudi kwenye swali lenu: mzigo ulifikaje? Safari hii ulikwenda kinyume, kutoka pwani kuja ziwani, na haukupanda bega la mtu kwa siku 80.

Utashauriwa muende Gombe pia. Ni mahali pa ajabu na natamani kila mtoto apaone, lakini siyo katika safari hii. Kuna boti, kuna viingilio vya hifadhi, kuna kikomo cha umri cha kwenda kuona sokwe, na somo lake ni Baiolojia. Lipangieni safari yake.

Malazi, chakula na ziwa

Shule ya bweni inayowapokea ni nafuu na salama kuliko nyumba ya wageni. Kila mwanafunzi abebe shuka mbili, chandarua na ndoo ndogo. Chandarua siyo hiari, Kigoma ina malaria nyingi. Patroni na matroni walale jengo moja na wanafunzi wao.

Nendeni na mpishi wenu au mkubaliane na wa shule mwenyeji. Kwa watu 45, pika ugali kwa kilo 13 hadi 14 za unga kwa mlo, au wali kwa kilo 8 hadi 9 za mchele, na maharage kilo 4 na nusu. Chakula kingine nunueni hapo: dagaa, migebuka na mboga zilizoungwa mawese. Siku ya kwanza mawese yawe kidogo, kuna matumbo ya Tabora ambayo hayajazoea. Maji ya kunywa yachemshwe au yanunuliwe, bila ubishi.

Ziwani hakuna kuoga, hata miguu. Ziwa Tanganyika linashuka kwa kina upesi. Kina chake kikubwa ni karibu mita 1,470. Mkipanda boti, kila mtu avae jaketi okozi iliyofungwa kabla ya injini kuwashwa, na boti isiyo na jaketi za kutosha iacheni iende.

Begi la huduma ya kwanza lishikwe na mtu mmoja anayejulikana kwa wote. Jueni mapema kituo cha afya kilicho karibu, na mwalimu mmoja awe na namba ya gari la kukodi linalopatikana usiku.

Siku ya mwisho wanafunzi watataka kununua dagaa na mawese ya kupeleka nyumbani. Waruhusu, ni furaha yao na ya mama zao. Ila mwalimu akague kila dumu mwenyewe: kifuniko kikazwe, lisimamishwe ndani ya ndoo, na ndoo zikae pamoja mbali na mabegi. Dumu moja lililegea katika safari yetu ya pili, na madaftari tisa yenye kazi ya siku mbili yalifika Tabora yakiwa mekundu na kurasa zimegandana. Tangu siku hiyo madaftari yote nayabeba mimi, begani.

Mkirudi

Ndani ya siku tatu, kabla mambo hayajasahaulika, kila kundi liandike kurasa mbili kujibu swali lenu, na wanafunzi walioishia Kwihara nao waandike lao. Zisomwe mbele ya darasa, wazazi wakialikwa. Mhasibu asome hesabu siku hiyohiyo, na kilichobaki wazazi waamue kirudishwe au kianzishe mfuko wa mwakani.

Chagua maandishi matatu, yachapwe vizuri, yapelekwe makumbusho ya Ujiji, kwa shule iliyowapokea, na kwa kila mzee aliyekaa nanyi barazani. Nakala ya mzee ichapwe kwa herufi kubwa. Yule aliyetusimulia habari za ngoma alimpigia simu mwalimu mwenyeji mara mbili kuuliza kama watoto wa Tabora wameshamaliza kuandika.